Ukungu, Kilima na Macho ya Setilaiti

Asubuhi ya masika hapa Nyakoe, ukungu hushuka juu ya migomba na mashamba ya chai hata mtu asiweze kuiona barabara iendayo Kisumu. Dereva wa matatu huwasha taa, akapunguza mwendo, akaendelea. Rubani hana bahati hiyo. Ndege haiwezi kusimama angani ikangoja ukungu uondoke. Ama itue, ama irudi ilikotoka, ama iangamie.

Tarehe 10 Aprili 2006, ndege ya Jeshi la Wanahewa la Kenya aina ya Y-12 iliondoka Nairobi kuelekea Marsabit, ikiwa imewabeba viongozi waliokuwa wakienda kuzipatanisha jamii zilizohasimiana. Walikuwemo wabunge watano, miongoni mwao Dakta Bonaya Godana, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Ndege ikagonga kilima karibu na mji ule, na watu 14 kati ya 17 waliokuwamo wakafariki. Wajumbe wa amani waliangamia wakiwa karibu kabisa na mwisho wa safari yao.

Sidai kwamba chombo kimoja kingaliwaokoa. Hata hivyo, mkasa ule unatulazimisha kuuliza: rubani asiyeona ardhi ataijuaje njia ya kutua?

Jibu la karne hii liko angani, umbali wa kilomita 20,200 hivi kutoka ardhini. Huko huzunguka setilaiti za mtambo wa GPS, ambao Jeshi la Marekani lilianza kuurusha mwaka 1978. Kila setilaiti ina saa ya atomiki na hutangaza wakati wake kwa mawimbi ya redio. Chombo kilicho ndegeni hupima muda ambao mawimbi yametumia safarini, kikapata umbali. Kwa setilaiti nne hujua mahali kilipo na kimo chake. Mwalimu wa fizikia na awape wanafunzi wake hesabu hii: mawimbi hayo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, kosa la umbali litakuwa mita 300. Kwa mwenye kutafuta duka mjini, hilo ni usumbufu. Kwa rubani aliye kati ya vilima, ni kifo.

Ndiyo sababu GPS peke yake haitoshi kwa kutua gizani au ukunguni. Wataalamu huweka kituo mahali panapojulikana barabara. Kituo hicho hulinganisha mahali kilipo kwa hakika na mahali ambapo setilaiti zinasema kipo, kisha hupeleka masahihisho kwa ndege kwa redio. Wanamaji wa Marekani wamelipeleka jambo hili mbali zaidi kwa mtambo uitwao JPALS, unaoiongoza ndege kutua juu ya manowari, uwanja ambao wenyewe unakwenda na kuyumba baharini. Kwa ndege za kiraia, Marekani imekuwa na masahihisho ya namna hii nchi nzima tangu mwaka 2003, na Ulaya ikafuata kwa shughuli za usalama wa ndege mwaka 2011.

Wako watakaosema: basi tununue, tufunge, tumalize. La, ndugu zangu. Juu ya Ikweta, tabaka la angahewa lenye chembe za umeme huchafuka mno, hasa baada ya jua kutua, likayapotosha mawimbi ya setilaiti kuliko lifanyavyo kule London au Chicago. Mtambo uliopimwa kwa anga ya kaskazini hauwezi kuaminiwa hapa kwetu pasipo watu wa hapa kuipima anga yao wenyewe, mwaka baada ya mwaka. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Wala sisi si wageni wa anga. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Malindi, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru kwa heshima ya sikukuu yetu. Mwaka 2023 Kenya ikarushiwa setilaiti yake Taifa-1 kutoka Marekani. Lakini kurusha setilaiti ni jambo moja, na kuwa na vijana wanaojua hesabu zake ni jambo jingine.

Hapo ndipo walimu wa Gusii wanapoingia. Mwanafunzi anayeona trigonometria kuwa adhabu hajaambiwa kwamba pembe anazozichora ndizo njia ya ndege kushukia uwanjani. Na aambiwe. Aonyeshwe simu ya mwalimu ikitaja latitudo ya Nyakoe, kisha aulizwe imejuaje na yaweza kukosea kwa kiasi gani.

Serikali nayo isingoje msiba mwingine ndipo ivikumbuke viwanja vidogo vya nyanda za juu, vya wanajeshi na vya raia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale Marsabit, ufa ule tuliulipia kwa roho 14.