Keki ya pampasi: angalia kilo kabla ya utepe

Keki hii haina unga wala sukari. Ni pampasi zilizoviringishwa moja moja, zikapangwa ghorofa mbili au tatu na kufungwa utepe. Kwenye bebi shawa inapendeza, hilo halina ubishi.

Shida ni kwamba wengi huijaza saizi ya kichanga tu, ile ya kilo 2 hadi 5. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 mara nyingi huvuka kilo 5 akiwa na miezi miwili hivi, na pampasi zilizobaki humbana mapaja. Weka saizi hiyo ghorofa ya juu, chini panga inayofuata.

Mama akiwa kijijini, tuseme kata ya Sibwesa huko Katavi, fikiria na taka. Vijijini gari la taka halipiti. Pampasi ikitupwa chooni hujaza shimo, ikichomwa hutoa moshi wa plastiki, ikifukiwa haiozi leo wala kesho. Kwake mimi ningetengeneza keki ya nepi za kitambaa. Hufuliwa, huanikwa juani, na mdogo wake naye atazivaa.

Katikati ya keki wauzaji hupenda kuchomeka chupa ya maziwa. Ya nini, ikiwa miezi 6 ya mwanzo mtoto anatakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee? Weka doti ya khanga, atambebea mtoto.

Osha mikono kabla ya kuviringisha. Usitumie pini wala gundi, utepe unatosha.