Sakafu ya Bahari Milimani Oman

Mwaka 1961 Wamarekani walipeleka meli karibu na kisiwa cha Guadalupe, upande wa Mexico, wakianza kazi ya kutoboa ganda la dunia chini ya bahari hadi wafikie koti lililo chini yake. Waliambulia mita 183, karibu zote za mashapo, na mwaka 1966 Bunge lao likakata fedha. Walichokitafuta, Oman mtu hukifikia kwa gari.

Milima ya Hajar imebeba kipande cha sakafu ya bahari chenye urefu wa kilomita 500 hivi na umri wa miaka takribani milioni 96. Juu kabisa kuna lava iliyovimba mfano wa mito ya kulalia; bonde la Wadi Jizzi limejaa. Lava hiyo ilipokutana na maji baridi iliganda ngozi papo hapo, huku ndani ingali inatiririka.

Chini yake ndipo penye utamu: kuta nyembamba za mwamba, zimesimama wima na kubanana, bila kitu kingine katikati. Sakafu ilipasuka, pande zake mbili zikiachana, magma (mwamba ulioyeyuka) ikapanda ndani ya ufa ikaganda. Ufa uliofuata mara nyingi ulipita katikati ya ukuta uleule, maana hapo ndipo palipobaki na moto. Ndiyo maana kuta nyingi zina ukingo mmoja tu wenye chembe laini, ule uliogusa mwamba baridi. Nusu ya pili ilikwenda zake na bamba, yaani kipande cha ganda la dunia, la upande wa pili.

Chini zaidi ni gabro, magma iliyopoa taratibu hadi fuwele zake zikaonekana kwa macho, halafu peridotiti ya koti lenyewe, rangi ya kutu.

Ilifikaje milimani? Kwa kawaida bamba la bahari likikutana na bara, huzama. Hapa ukingo wa Arabia ndio uliovutwa chini ya bahari. Mwamba wa bara ni mwepesi. Ukagoma kuzama, ukainuka na mzigo wake.

Ubishi kuhusu bahari hii ilivyozaliwa upo kwenye lava za juu. Nyingine zina kemia ya magma iliyochanganyika na maji, kama ilivyo pale ambapo bamba moja tayari limeanza kuzama chini ya jingine. Basi wanaoichukua Hajar kuwa kielelezo cha sakafu ya bahari zote, naona wanaharakisha: huenda bahari hii ilizaliwa huku mwisho wake umeshaanza.