Kwa Nini Miji ya Marekani Hushtaki kwa Pamoja

Wapo wanaodhani kwamba katika miji ya Marekani iitwayo miji ya hifadhi, maofisa wa uhamiaji hawaruhusiwi kukanyaga. Si kweli, na dhana hiyo yaweza kumponza mtu. Hakuna meya mwenye uwezo wa kumzuia ofisa wa serikali kuu asimkamate mtu kwa mujibu wa sheria. Anachoweza ni kukataa polisi wake mwenyewe wasitumwe kazi hiyo.

Polisi wa Los Angeles walijiwekea mpaka huo mwaka 1979, walipokatazwa kuanzisha hatua yoyote kwa lengo tu la kujua hali ya mtu ya uhamiaji. Sababu yao ilikuwa ya kikazi: shahidi anayeogopa kufukuzwa nchini hatoi ushahidi, na mwanamke anayepigwa nyumbani hapigi simu polisi.

Kisheria, nguvu ya kukataa inatokana na kesi ya bastola. Masherifu wawili, mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona, waligomea sheria ya mwaka 1993 iliyowabebesha kazi ya kuwachunguza wanunuzi wa bastola. Mwaka 1997 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba Washington, yaani serikali kuu, haiwezi kuwaamrisha watumishi wa majimbo na wa serikali za mitaa kuitekelezea sheria zake. Hukumu iliandikwa na Jaji Antonin Scalia, mhafidhina mashuhuri, na leo ndiyo ngao ya wahamiaji wa Chicago na San Francisco. Mimi naiona kuwa hoja nzito ya kuheshimu kanuni hata inapomnufaisha usiyekubaliana naye.

Kwa kuwa haiwezi kuamrisha, Washington hutishia kukata ruzuku. Januari 2017 Rais Donald Trump alitoa amri ya namna hiyo. Kaunti ya Santa Clara, ambayo zaidi ya theluthi moja ya mapato yake ilitoka serikali kuu na ambayo huendesha hospitali ya umma, ilikimbilia mahakamani, na San Francisco nayo ikashtaki. Jaji William Orrick aliizuia amri hiyo: mwenye mamlaka juu ya fedha za umma ni Bunge, rais hawezi kujiongezea masharti.

Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ilikubaliana naye, lakini ikaondoa zuio la nchi nzima. Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kushtaki pamoja. Juni 2025 Mahakama ya Juu ilibana zaidi uwezo wa majaji kutoa amri zinazowafunika wasiokuwa ndani ya kesi. Meya anayekaa pembeni akingoja ushindi wa mwenzake anaweza kuukuta ushindi huo haumhusu. Februari 2025 San Francisco na Santa Clara zilirudi kwa Orrick pamoja na miji na kaunti nyingine, zikiwemo kaunti ya King na miji ya Portland na New Haven. Aprili zilipata zuio la muda; Agosti likapanuliwa kuzifunika Los Angeles, Boston, Chicago na Denver, kwa kuwa zilikuwa zimejiunga na kesi.

Umoja huo una ukomo. Mji ni kiumbe cha jimbo lake, na kinga ya mwaka 1997 haiufai mbele ya jimbo. Texas ilipopitisha sheria mwaka 2017 ya kuilazimisha miji yake ishirikiane na maofisa wa uhamiaji, wa kwanza kwenda mahakamani ulikuwa El Cenizo, mji mdogo ukingoni mwa mto Rio Grande. San Antonio, Austin, Houston na Dallas zikafuata. Machi 2018 mahakama ya rufaa iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame. Ilichokizuia ni kipengele kilichowaadhibu viongozi waliochaguliwa kwa kuunga mkono hadharani sera za hifadhi. Meya wa Texas hawezi kuwakataza polisi wake kumuuliza aliyekamatwa hali yake ya uhamiaji, lakini anaruhusiwa kusimama mbele ya wananchi na kusema kwamba sheria hiyo ni mbaya.