Chai Inayosubiriwa: Funzo kutoka Milima ya Taiwan

Katika milima ya Taiwan, mahali kama Alishan na Lishan, chai hulimwa kwenye miinuko inayozidi mita 1,000. Mashamba ya Lishan mengine huvuka mita 2,000. Ukungu na baridi ya usiku huchelewesha ukuaji wa machipukizi, hivyo majani huwa manene na ukali wake hupungua. Mmea ni uleule unaotupatia chai ya Mufindi na Kericho; tofauti imo katika utengenezaji. Majani ya oolong huachwa yabadilishwe na hewa kwa sehemu tu, kisha huviringwa kuwa punje ndogo na kukaushwa. Baadhi hubanikwa tena kwa saa nyingi, juu ya makaa au katika tanuri la umeme, hadi harufu ya ubichi iondoke na kuachia ile ya karanga na sukari iliyoungua.

Kuipika ni kazi ya utulivu. Gramu 5 au 6 hutiwa katika buli dogo la mililita 120 hivi, kisha humwagiwa maji yaliyochemka barabara, kwani punje zilizoviringwa hazifunguki vizuri katika maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika moja hivi, chai yote humiminwa katika jagi dogo, ndipo igawanywe katika vikombe vidogo mithili ya vile vya kahawa chungu ya pwani. Majani yaleyale hutiwa maji tena mara 5 au zaidi. Mikupuo ya mwanzo huonyesha moto wa makaa. Ya baadaye hutoa harufu ya maua, na utamu unaobaki kooni baada ya kumeza.

Kwa jicho la daktari, jambo la kuzingatia ni safari ya chai hiyo: kutoka buli hadi jagi, kutoka jagi hadi kikombe. Kila hatua huipunguzia joto. Maji yanayochemka ni haki ya majani, si ya koo. Mwonjaji naye hana haraka, kwa maana ulimi ulioungua hautambui ladha.

Funzo hilo linatuhusu sana. Saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni mzigo mkubwa katika ukanda wa Afrika Mashariki. Mwaka 2016, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliainisha vinywaji vya moto sana, vinavyozidi nyuzi 65 za Selsiasi, kuwa huenda husababisha saratani hiyo kwa binadamu. Kinachoshukiwa ni joto, si chai yenyewe. Tumbaku na pombe vimethibitika kuongeza hatari, lakini joto la kikombe ni jambo ambalo mtu anaweza kulirekebisha leo, bila gharama yoyote.

Nyumbani hakuna haja ya kipimajoto. Chai ya maziwa iliyotoka jikoni iache kwanza kikombeni kwa dakika kadhaa, au imimine kutoka kikombe kimoja hadi kingine. Ikiwa inakulazimu kuipuliza kabla ya kila funda, bado haijafaa.

Wahudumu wa afya waongeze maneno mawili. Kwanza, chai ya aina yoyote, ikinywewa pamoja na mlo, huzuia sehemu ya madini ya chuma yatokanayo na nafaka na mboga kufyonzwa mwilini. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu wasubiri saa moja au mbili baada ya chakula, na vidonge vya madini ya chuma wavimeze kwa maji. Pili, mtu anayekwama chakula wakati wa kumeza asijitibu kwa vinywaji vya moto. Apelekwe kupimwa mapema.

Tunapochukua historia ya mgonjwa, huuliza anakunywa nini na kiasi gani. Tuulize pia: huinywa ikiwa ya moto kiasi gani?