Ferritini, Ghala la Chuma Mwilini

Je, wajua kwamba chuma kilichomo mwilini mwetu, ambacho pasipo nacho hewa tuivutayo isingefika viungoni, ni hatari kukiacha huru ndani ya seli? Kikikutana na peroksidi ya haidrojeni huzaa chembe kali ziunguzazo mafuta na protini bila ya kubagua. Ndiyo sababu mwili hukihifadhi katika ghala la protini liitwalo ferritini, ambalo Vilém Laufberger wa Chekoslovakia alilitenga katika bandama la farasi mwaka 1937.

Ghala hilo ni tufe lenye uwazi ndani, lililoundwa kwa vipande 24, kipenyo chake nanomita 12 tu, nalo laweza kubeba atomi za chuma zipatazo 4,500. Kila atomi iingiapo hunyang'anywa elektroni moja, ikawa namna ya kutu, na kutu haiyeyuki majini. Hapo ndipo penye mushkili, kwani vitundu vya kutokea ni vyembamba mno, na shehena yenyewe imeganda. Aghalabu seli huamua kulivunja ghala zima; lakini maabarani imedhihirika kwamba molekuli ndogo, kama flavini iliyosheheni elektroni, au hata vitamini C, huirudishia atomi kile ilichonyang'anywa, nayo ikayeyuka na kutoka, almuradi iwepo molekuli nyingine ya kuipokea nje na kuidhibiti isije ikadhuru.

Wenye kuihitaji mno elimu hii ni wagonjwa wa thalasemia, na baadhi ya wale wa selimundu, ambao hutiwa damu mara kwa mara. Maana kila mfuko wa damu huleta chuma kisichopungua miligramu 200 hivi, ilhali mwili hutoa takriban miligramu moja tu kwa siku. Mojawapo ya dawa za kukiondoa chuma hicho, deferoksamini, iliyopatikana kwa bakteria wa udongoni, huishika atomi pande zote sita, ila kwa ukubwa wake haipenyi selini kwa wepesi, wala haifai kumezwa. Hutiwa chini ya ngozi kwa pampu saa 8 hadi 12, usiku baada ya usiku, na kumtaka mtoto avumilie hayo ni kumtaka subira ya Ayubu. Dawa nyingine, deferiproni, ni ndogo, humezwa, molekuli zake tatu hushirikiana kushika atomi moja, nayo yaweza kukitoa chuma ghalani kabla ghala halijavunjwa. Mkojo wa aitumiaye huweza kugeuka mwekundu, na wekundu huo si damu, ni chuma chenyewe kinatoka. Hata hivyo dawa hiyo yaweza kuziangamiza chembe nyeupe za damu, hivyo homa yoyote ya mgonjwa haipuuzwi hata siku moja.