Faiba Nyumbani: Kabla ya Kulipia Kasi Zaidi



Juzi baada ya zamu ya asubuhi mwenzetu mmoja wa kiwanda cha chai alinifuata na karatasi mkononi. Yeye na wapangaji wenzake wawili, hapa mjini Gisenyi, wanachangia faiba ya nyumba moja. Walikuwa na megabiti 10 kwa sekunde. Simu ya picha na mtoto anayesoma Ulaya ilikuwa ikigandaganda, basi wakapanda hadi kifurushi cha megabiti 40. Bili iliongezeka, simu ikaendelea kuganda vile vile. Akaniuliza, "Ndugu Katibu, tumeibiwa?"

Nikamwambia tukaangalie kwanza.

Kasi inayotangazwa ni wingi wa mzigo unaopita kila sekunde. Kuna jambo la pili ambalo matangazo hulinyamazia, nalo ni muda wa safari: ujumbe kwenda na jibu kurudi. Huo hupimwa kwa milisekunde, na sekunde moja ina milisekunde 1,000. Sisi watu wa chai hatushindwi kulielewa hili. Lori la majani mabichi la tani 3 likibadilishwa kwa la tani 10, mzigo utaongezeka, lakini kutoka shambani hadi Pfunda kilomita ni zile zile na tope ni lile lile. Simu ya picha hutosheka na megabiti 2 au 3. Inachotaka ni njia isiyo na foleni.

Na njia yetu ni ndefu. Rwanda haina bahari. Ujumbe wa kwenda Ulaya hutoka Gisenyi ukapita Kigali, ukavuka Uganda na Kenya hadi Mombasa, au Tanzania hadi Dar es Salaam, ndipo ukaingia katika waya wa baharini. Waya wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009. Kabla ya hapo mawasiliano mengi ya nje yalipitia setilaiti zilizo juu kilomita 36,000 hivi, na jibu lilichukua zaidi ya nusu sekunde. Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukata kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja. Kwa hiyo Ulaya na kurudi ni milisekunde 100 na zaidi, ulipe kifurushi chochote. Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa Afrika Kusini, tulioumia ni pamoja na sisi wa huku milimani. Kwa Kigali safari ni fupi, maana tangu 2004 kuna kituo cha RINEX ambako kampuni hubadilishana mizigo ya ndani bila kuipeleka ng'ambo.

Tulikwenda nyumbani kwa mwenzetu saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni. Kupima saa nne asubuhi ni kujidanganya. Tulipima kwa waya kwenye ruta: kasi nzuri, safari fupi. Tukapima kwa waifai chumbani: balaa. Ruta ilikuwa imefichwa kabatini nyuma ya masufuria, isiibwe! Tukaitoa, tukaitundika ukumbini, na simu ikanyooka. Iligandaganda tena pale tu mpangaji mmoja aliposhusha filamu; foleni ya namna hiyo kasi zaidi huweza kuipunguza, lakini na kusubiri hadi simu iishe huipunguza bure.

Alilalamika pia kwamba filamu hushuka kwa 5 tu, wala si 40. Tunaoijua mizani ya majani mabichi tuna haki ya kushuku. Hapa lakini ni vipimo viwili: megabaiti 1 ni megabiti 8, na 40 ukigawa kwa 8 ni 5.

Kigumu kilikuwa kurudi kifurushi cha chini, kwa sababu walitia sahihi bila kusoma. Angalia neno "hadi": "hadi megabiti 40" haikuahidi 40 za jioni. Uliza kasi ya kupandisha ni ngapi, ruta ni mali ya nani, na notisi ya kubadili au kuhama ni siku ngapi. Lalamiko liandikwe kwa kampuni, nakala ibaki kwako. Wakikaa kimya, peleka RURA.

Mwenye mkataba asiouelewa aulete baada ya umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Tutausoma pamoja, hata kama ni wa Kiingereza.