Prosesa nne unaziona, lakini unakula ngapi?

Wandugu, mimi ni mtu wa udongo na mbegu, si fundi wa mashine. Lakini wakati wa memwari nilikuwa na hesabu nyingi za mavuno ya mahindi, na taasisi moja ikanipatia nafasi mu seva yake ya IBM Power. Nikaangalia: prosesa 4! Nikagawanya kazi mafungu 4, yote yakaanza pamoja. Siku zikapita. Hata kompyuta yangu ya nyumbani ingemaliza mbele yake, na tarehe ya kuweka memwari ilikuwa inakaribia. Nikalaumu programu yangu, nikaiandika upya mara mbili. Bure.

Kumbe zile prosesa 4 zilikuwa prosesa pepe. Seva kama ile inakatwa vipande vinavyoitwa partisheni, na tangu POWER5 ya mwaka 2004 kipande kinaweza kupewa hata sehemu ya kumi ya prosesa moja. Haki ya partisheni yangu ilikuwa 0.4. Maana yake ni hii: msimamizi wa ndani, yaani haipavaiza, anagawa wakati kwa mizunguko ya milisekunde 10, na mimi katika kila mzunguko nilikuwa na milisekunde 4 za prosesa moja. Ukizigawa kwa prosesa pepe 4 zote zikiwa na kazi, kila moja inapata milisekunde 1, halafu inangoja. Wenzangu wa kilimo watanielewa: nilihesabu mifereji nikafikiri nahesabu maji.

Rafiki mmoja akaniambia niombe prosesa pepe 8. Kwenye mashine ile isingewezekana, maana kila prosesa pepe inadai haki isiyopungua 0.1, kwa hiyo 0.4 inabeba 4 tu. (POWER7+ ilishusha hadi 0.05.) Na hata ingewezekana, ni mifereji minane kwa maji yale yale.

Tatizo lenyewe lilikuwa neno moja. Ukiandika lparstat -i mu AIX, tafuta mstari wa Mode. Wangu ulisema Capped, yaani yenye kikomo: hata prosesa zingine zikilala bila kazi, wewe hauvuki haki yako. Ikiwa Uncapped, haki inabaki yako ya uhakika, na juu yake unaokota wakati ambao wengine hawautumii. Wakiwa wengi wanaouokota, uzito njo unaamua. Uzito unaenda 0 hadi 255, wa kawaida ni 128; mwenye 128 anapata mara mbili ya mwenye 64. Mwenye 0 haokoti kitu. Hapa sasa prosesa pepe zinakuwa na maana, juu kila moja haiwezi kupita prosesa moja ya kweli: ukiwa nazo 4, mwisho wako ni 4.0.

Nilimwomba msimamizi aniongezee haki, akakataa, na alikuwa na sababu: jumla ya haki za partisheni zote zinazotembea haiwezi kupita prosesa zilizomo, na zake zilikuwa zimeisha kugawanywa. Lakini kuondoa kikomo hakukumnyima mtu haki yake, njo maana alikubali siku ile ile. Mchana, watu wa hesabu za fedha wakiwa kazini, nilirudi karibu na 0.4 yangu. Usiku walipolala, mahindi yangu yalitembea.